Wali katika jiko la presha la umeme: tuanze na kipimo cha maji

Kamati ya parokia inapofikiria kugawa au kukopesha majiko ya presha ya umeme, ambayo mtaani tunayaita presha kuka, mazungumzo huanza na bei, gharama ya mkaa na hali ya misitu. Hayo yote ni ya lazima. Lakini katika nyumba ya Kingolwira jiko hilo litahukumiwa kwa jambo dogo zaidi, nalo ni wali wa siku ya kwanza. Wali ukitoka bokoboko mbele ya baba, watoto na mawifi, jiko litafutwa vumbi, litafunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati. Mama atarudi kwenye mkaa wake, na fedha za wafadhili zitakuwa zimepanda kabatini pamoja nalo.

Ndiyo maana tunaona mafunzo yaanze na wali, ingawa, kama tutakavyoeleza, wali si chakula ambacho jiko hili linakiokolea muda mwingi.

Kingolwira iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka Morogoro mjini. Mchele hautoki mbali: kuna wa Kilombero, kuna wa Dakawa, na sokoni mama anachagua kati ya Supa yenye harufu yake na SARO 5 inayozaa vizuri shambani. Mkoa huu vilevile umekuwa kwa miaka mingi chimbuko la mkaa unaopelekwa Dar es Salaam, na maji yanayoshuka Uluguru ndiyo yanayoingia Mto Ruvu ambao jiji hilo linautegemea. Kwa hiyo sufuria ya wali ya Kingolwira ina uhusiano na msitu kuliko inavyoonekana. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Kwa nini wali unaharibika

Katika sufuria ya kawaida, maji yanagawanyika mafungu mawili. Fungu moja linaingia ndani ya punje, la pili linapanda hewani kama mvuke. Mama aliyezoea mkaa anajua hili bila kuambiwa. Kipimo chake, awe anatumia macho au pingili ya kidole, tayari kina maji ya mvuke ndani yake. Akimaliza anapalia makaa juu ya mfuniko, na unyevu uliobaki unakauka.

Jiko la presha limefungwa. Mvuke hauna pa kwenda, isipokuwa kidogo sana wakati jiko linaanza kupata moto. Maji yale yale ya mkaa yakiwekwa humo, fungu la mvuke linabaki sufuriani na kuishia kwenye wali. Hapo hakuna kosa la jiko wala la mpishi.

Jambo la pili ni joto. Kingolwira maji huchemka karibu na nyuzi 98, na huko juu Mgeta, penye mita 1,500 hivi, huchemka karibu na nyuzi 95. Ndani ya jiko la presha mvuke uliobanwa unafikisha joto kwenye nyuzi 115 hivi. Wanga wa mchele huanza kuiva kabla hata ya nyuzi 80, kwa hiyo mchele hauhitaji presha ili uive. Presha inauharakisha tu. Maharage ni habari nyingine. Ganda lake gumu linahitaji joto hilo la juu, na mama wa milimani ambaye maji yake yanachemka kwa joto la chini ndiye atakayeona tofauti kubwa zaidi.

Namna ya kupika

Pima mchele kwa kikombe, na kikombe hicho hicho kipime maji. Kilo moja ya mchele ni karibu vikombe vitano vya robo lita. Uoshe mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa meupe sana, kwa sababu wanga wa juu hutoa povu, na povu linaweza kuziba tundu la mvuke. Chuja vizuri. Maji yanayobaki kati ya punje nayo yanahesabika.

Kaanga kitunguu humo humo ndani ya sufuria kwa kitufe cha kukaangia, kama jiko linacho. Kisha weka mchele na maji: kikombe kimoja cha maji kwa kikombe kimoja cha mchele. Kwa mchele mkavu wa zamani ongeza robo kikombe kwa kila kikombe. Mchele mpya wa msimu usiuongezee kitu. Chumvi kama kawaida. Wali na maji visizidi nusu ya sufuria, maana mchele unavimba.

Funga mfuniko, hakikisha kizibo cha mvuke kiko upande wa kufunga, na weka dakika 5 za presha. Jiko litachukua kama dakika 12 kupandisha presha kabla ya kuanza kuhesabu hizo 5; wengi hudhani limeharibika wanapoona hesabu haianzi. Likimaliza, liache dakika 10 bila kuligusa. Dakika hizo ni sehemu ya upishi, kwa kuwa unyevu wa juu na wa chini unalingana na wali unachambuka. Anayeharakisha kuachia mvuke mara moja atapata wali wenye maji juu na punje zilizopasuka. Jumla ni karibu nusu saa, ambayo kwa kweli haipishani sana na mkaa ulioshika tayari. Faida iko kwenye kuuwasha huo mkaa, na kwenye kukaa karibu nao.

Wali wa nazi unahitaji uangalifu. Tui zito likiwekwa mwanzoni hushika chini ya sufuria, na baadhi ya majiko yakihisi joto limezidi hapo chini hujizima. Tumia tui jepesi badala ya maji, kwa kipimo kile kile, na tui zito limwagwe juu baada ya kufungua, koroga taratibu na ufunike dakika tano.

Ukoko haupatikani. Tunalisema wazi kwa sababu watoto wataulizia, na wazee pia.

Uniti za umeme, na mfuko wa nani

Swali la kwanza la kila kikao ni umeme. Hesabu yake si ngumu. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika linakula uniti moja. Kwa wali linawaka mfululizo kama dakika 12 hadi 15, kisha linawaka na kuzima kwa muda mfupi mfupi. Kilo moja ya wali basi ni karibu robo ya uniti. Kilo ya maharage, ambayo kwenye mkaa inakula saa mbili na zaidi, haizidi sana nusu uniti.

Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo wa TANESCO, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida wa nyumbani shilingi 292. Wali huo wa kilo moja ni shilingi 25 kwa wa kwanza na 73 kwa wa pili. Hakuna mkaa wa bei hiyo.

Tatizo liko kwenye zile uniti 75. Wali kila siku na maharage siku moja baada ya nyingine ni karibu uniti 15 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia 50 itabaki salama. Nyumba yenye friji iliyokuwa inatumia 65 itavuka, na uniti za juu ya 75 hutozwa shilingi 350 kila moja. Kamati isimkabidhi mtu jiko kabla ya kuangalia naye matumizi yake ya LUKU ya miezi michache.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye hesabu. Katika nyumba nyingi mkaa hununuliwa na mama, kopo kwa kopo, kutoka kwenye fedha zake za vitumbua au mboga. LUKU hununuliwa na baba. Jiko likiingia, mfuko wa mama unapumua na wa baba unalalamika, hata kama nyumba kwa jumla imeokoa. Kwa maoni yetu wote wawili waitwe kwenye mafunzo, na wote wawili wale huo wali.

Mambo ya kamati

TaTEDO, shirika la Kitanzania la nishati, limeyapima majiko haya kwa vyakula vyetu vya nyumbani, lakini kamati inaweza kupima yenyewe. Soma LUKU kabla ya kupika, zima vitu vingine vyote, pika, soma tena. Upande wa mkaa, pima kwa mizani kabla na baada, kwa wiki moja. Andikeni kwenye daftari. Wafadhili wanaipenda karatasi ya namna hiyo kuliko maneno mengi.

Jiko lichomekwe kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa vizuri. Waya mwembamba wa kuunganishia utapata moto. Umeme ukikatika baada ya presha kupanda, msifungue: wali utamalizia kuiva kwa joto lililomo. Ukikatika mapema, hamishieni chakula kwenye sufuria ya kawaida, kwa kuwa sufuria ya ndani ikiwekwa juu ya mkaa huharibika sehemu ya chini ambayo kipima joto hugusa.

Jiko la lita 6 ni la familia. Kwa sherehe ya parokia au shule halifai hata yakipangwa matano.

Kitu kinachochakaa mapema kuliko vingine ni mpira wa mfuniko. Ukilegea mvuke unavuja, presha haipandi, na wali unabaki na kiini. Kabla ya kulipa, kamati iulize kama duka lina mipira ya akiba ya jiko hilo hilo, na inunue angalau mmoja kwa kila jiko.