WITCH ya Kitwe: mwimbaji aliyeingia mu majiwe

Wasomaji wetu wa Kipushi, wa Likasi na wa Kolwezi, mara mingi munatuuliza kwa nini hapa tunaandika paka bei ya shaba na habari ya mishahara. Leo tunaacha bei kidogo. Tunavuka Kasumbalesa mpaka Kitwe, mu Zambia, juu ya kusema habari ya kundi moja la rock lililokomaa kule, mu muji wa migodi sawa yetu. Jina lake WITCH. Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye kusema: makusudi yetu ni kuleta fujo. Mama anayesali asiogope, haiko uchawi.

Mwanzo wa miaka ya 1970, Kitwe ilikuwa na feza. Shaba ilikuwa na bei, serikali ya Kaunda ilikuwa imekamata asilimia 51 ya kampuni za migodi, na mu nyumba za wafanyakazi mulikuwa redio. Vijana walisikia Rolling Stones, Jimi Hendrix, James Brown. Kisha Kaunda akaomba redio ipige asilimia 95 ya muziki wa inchi. Wazee wetu watakumbuka: siye pia, ku Zaire, tulikuwa na authenticité yetu. Lakini vijana wa Zambia hawakutupa gitare ya umeme. Walianza kutunga nyimbo zao wenyewe, kwa Kiingereza, kwa Kibemba, kwa Kinyanja. Watu wakaita mutindo huo Zamrock.

WITCH njo walikuwa mbele. Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda, lakini hakuna aliyemuita hivyo: alikuwa Jagari, kwa sababu ya Mick Jagger. Chris Mbewe na John Muma ku gitare, Gideon Mwamulenga ku besi, Boidi Sinkala ku batri, Paul Mumba ku kinanda. Diske yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mu 1972, na inahesabiwa kuwa albumu ya kwanza kuuzwa mu Zambia.

Tukiisikiliza leo, tunasikia vijana wanaojifunza mbele yetu. Ngoma inakimbia mbele, gitare inafuata nyuma, na hakuna aliyerudi kusafisha. Lazy Bones!!, ya 1975, ni kintu ingine. Gitare inapita mu kisanduku cha muguu kinachoharibu sauti makusudi, inanguruma sawa kompresa ku mulango wa shimo. Besi iko nzito, inatembea polepole. Na juu yake Jagari anaimba bila kupiga kelele, sawa mutu anayezungumuza na muke wake usiku. Ukiwa na nafasi ya diske moja tu, kamata hiyo. Albumu za kisha hapo, Lukombo Vibes na Including Janet, ziko nzuri, lakini kwa masikio yetu ule moto umepungua.

Ku konseri mambo yalikuwa ingine kabisa. Kundi lilikuwa linapiga saa nyingi, tangu magaribi mpaka usiku wa manane, na Jagari alikuwa anacheza mpaka shati linalowa. Mutu aliyemaliza kazi ku migodi alilipa kiingilio chake na alitaka kuona jasho. Wazee wetu waliocheza ku sauti ya gitare ya Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey alimurekodi ku Jadotville mu 1952, hawana lazima ya kufasiriwa hiyo.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Ilikuwa 1975, mwaka ule ule reli ya Benguela ilipofungwa, na siye wa huku tunajua vizuri namna gani ule mwaka ulituumiza. Ku Zambia feza ya kununua diske ikakosekana. Kaseti za wizi zikajaa mu soko. Mu 1977 Jagari akatoka mu kundi, akaenda kuwa mwalimu. Wenzake waliendelea, wakageukia disko, wakazimika. Halafu ukimwi ukapita mu wapiga muziki wa Zambia. Wale vijana watano tuliowataja, wote wamekufa. Amebaki Jagari peke yake.

Hapa njo pale habari inakuwa yetu. Baada ya kufundisha, Jagari aliingia mu kuchimba majiwe ya bei. Mwimbaji aliyejaza masali alikuwa sasa na vumbi ku suruali, anangojea mushipa kama vile mutoto wako anavyoungojea ku Kawama ao ku Kasulo. Wakati ule ule, Ulaya na Marekani, watu walikuwa wanatafuta diske zake za zamani, wanazinunua kwa mamia ya dola. Hata dola moja ya hizo haikupita mu mukono wake. Mwenye kuuza kijiwe ku depo na kukisikia kisha bei yake ya kweli ataelewa bila siye kuongeza neno.

Diske zilipopigwa upya, kuanzia karibu 2011, watu walianza kumutafuta yeye mwenyewe. Mu 2017 alipanda jukwaa la Ulaya pamoja na Patrick Mwondela, aliyepiga kinanda mu WITCH ya wakati wa disko, na vijana wazungu waliojifunza nyimbo hizo ku diske. Mu 2023 walitoa Zango, iliyorekodiwa Lusaka, na ndani kuko sauti za Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo, na ya Sampa the Great. Sauti ya Jagari imezeeka, tusidanganye. Lakini kucheza, muzee anacheza bado.

Muzee yeyote aliyetumika ku Kitwe, ku Ndola ao ku Chingola miaka ile, afungue sanduku lake. Kama kuko diske ya WITCH ndani, asiiache kwa wa kwanza anayepita na elfu tano ya faranga mu mukono.