Tumbo Likiwa Gumu Kama Ubao

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona mbuzi akichunwa na kupasuliwa. Ndani ya kiwiliwili chake mna vyumba viwili vikubwa. Chumba cha juu kina moyo na mapafu. Chumba cha chini kina ini, matumbo na viungo vingine. Kati ya vyumba hivyo pana ukuta mwembamba wa nyama. Ukuta huo huitwa kiwambo. Binadamu naye ameumbwa hivyo hivyo.

Siku nyingine pitisha mkono katika chumba cha chini cha mbuzi huyo. Utaona kuta zake zinateleza. Zimefunikwa kwa utando mwembamba unaong'aa. Utando huo umeshika ukuta wa tumbo, kisha ukayafunika na matumbo yenyewe. Katikati mna maji kidogo sana. Maji hayo hufanya kazi kama grisi katika gurudumu la baiskeli. Matumbo husogea mchana na usiku bila kukwaruzana. Mapafu na moyo pia vina tando zao, lakini leo tuseme juu ya huu wa tumbo, maana wagonjwa wake wengi huletwa wamechelewa.

Ndani ya utumbo vijidudu vimejaa. Nje yake, penye utando, havimo. Utumbo ukitoboka, uchafu humwagika juu ya utando, nao huvimba na kufanya usaha. Utumbo huweza kutobolewa na homa ya matumbo isiyotibiwa. Vidonda vya tumbo navyo hutoboa. Tena kuna kidole tumbo, kijiutumbo kilicho upande wa kulia, chini ya kitovu. Kikioza hupasuka.

Utamtambuaje mgonjwa huyu? Mwangalie anavyolala. Mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa kitandani. Lakini mwenye utando uliovimba hataki hata kitanda kiguswe. Hulala kimya, magoti ameyakunja. Akikohoa anaumia. Mguse tumbo taratibu: ni gumu kama ubao. Huenda pia ana homa, anatapika, na hapati choo.

Katika vijiji vingi mgonjwa huyu hupewa dawa ya kuharisha, au hukandwa tumbo kwa mafuta. Wafanyao hivyo wanamhurumia, najua. Lakini dawa ya kuharisha huusukuma utumbo umwage zaidi, na kukanda huutawanya uchafu. Msimpe chakula wala kinywaji. Mlazeni kwenye machela mumpeleke upesi hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama zahanati iko njiani, mpitisheni. Tutamwekea maji kwenye mshipa, tutamchoma sindano na kuwaandikia barua. Lakini tundu la utumbo halizibwi kwa vidonge. Kwa kawaida hushonwa.

Tena liko jambo linalowadanganya watu. Kidole tumbo kikipasuka, maumivu huweza kupungua kwa saa chache. Mgonjwa huomba uji. Wazee husema amepona, machela irudi nyumbani. Msiirudishe. Saa hizo zikipita maumivu huanza upya, na safari hii huenea tumbo zima.