Boti Isiyo na Rafadha

Juma hili tutazame boti inayokwenda bila rafadha kuning'inia chini yake.

Mito mingi ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand hutapakaa juu ya changarawe, kina chake kikawa kifupi mno. Rafadha hugonga mawe ikavunjika. Katika miaka ya 1950, mhandisi William Hamilton wa nchi hiyo alipata dawa: pampu inayofyonza maji chini ya boti na kuyatupa nyuma kwa kasi, nayo boti ikasukumwa mbele. Mwaka 1960 boti zake ziliupanda mto Colorado wa Marekani, katika korongo la Grand Canyon, zikipingana na mkondo.

Baadaye zilitokea pampu za kufungwa kwenye injini ya kawaida ya kupachika tezini. Je, yatosha kutoa rafadha, kufunga pampu na kuiacha injini pale pale? La hasha! Rafadha hutaka kuzama, lakini mdomo wa pampu hutakiwa ulingane na sehemu ya chini ya boti. Kwa hiyo injini hupandishwa takriban inchi 7. Fundi huegemeza ubao ulionyooka chini ya boti, kisha hupima mpaka ukingo wa mbele wa mdomo ulingane nao. Ikikaa juu mno, pampu hufyonza hewa. Injini hunguruma na boti haiendi. Ikikaa chini mno, hukokota maji na mwendo hupungua. Mkuku unaofika hadi mdomoni nao huleta mapovu.

Faida hiyo ina bei yake. Kiasi cha asilimia 30 ya nguvu hupotea, hata injini ya nguvu farasi 40 ikasukuma kama ya 28. Boti nzito, au iliyojaza abiria kupita kiasi, haitainuka juu ya maji.

Lililo kubwa ni usalama. Boti hii huongozwa na maji yanayotupwa nyuma. Nahodha akiliona jiwe, akashtuka na kupunguza mafuta ghafla, usukani nao humponyoka, na boti huliendea jiwe lile lile. Hana budi kuacha injini isukume huku akikata kona. Na mdomo ukiziba kwa majani au kamba, azime injini kwanza, ndipo aingize mkono.

Kwa hiyo anayenunua pampu hii anunue na muda wa kujifunza.