Elimu Dhidi ya Ukeketaji Mkoani Mara: Ripoti ya Tathmini Ipime Nini?

Wilaya za Tarime na Serengeti zimepokea miradi mingi ya elimu dhidi ya ukeketaji. Semina zimefanyika shuleni na vijijini, wazee wa mila na mangariba wamehusishwa, na nyumba salama, zikiwamo za Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti, zimewahifadhi wasichana waliokimbia kukeketwa. Mradi unapofikia ukomo huandikiwa ripoti ya tathmini, ambayo husaidia kuamua iwapo elimu iendelee. Ripoti ikipotosha, anayeumia ni msichana.

Upotoshaji wa kwanza hutokana na kuhesabu mahudhurio. Orodha ya waliohudhuria semina huthibitisha kwamba elimu ilitolewa. Haioneshi iwapo binti za waliosaini walibaki salama.

Wa pili hutokana na majira. Miongoni mwa Wakurya, ukeketaji hufanyika zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa mwishoni mwa mwaka shule zinapofungwa. Mradi ukilinganisha mwaka 2022 na 2023, utaonesha kupungua hata kama hakuna mzazi aliyebadili msimamo. Msimu hulinganishwa na msimu: 2022 na 2024.

Wa tatu ni matumizi ya takwimu zisizolingana na swali. Tafiti za kitaifa zilionesha kuwa mkoani Mara asilimia 32 ya wanawake walikuwa wamekeketwa mwaka 2015/16, na asilimia 28 mwaka 2022. Hao ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wengi wao walikeketwa zamani. Takwimu hizo hueleza ukubwa wa tatizo, wala haziwezi kupima mradi wa miaka miwili. Kipimo chake ni wasichana ambao bado wamo hatarini.

Ukimya nao hudanganya. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kifungo chake ni miaka 5 hadi 15. Mzazi anayejua hilo hawezi kutarajiwa kukiri mbele ya mdadisi. Kwa hiyo majibu ya dodoso yalinganishwe na kumbukumbu za zahanati, shule na nyumba salama. Idadi ya wasichana wanaokimbia ikiongezeka, isihesabiwe haraka kuwa kushindwa: huenda elimu imewafikia, nao wamejua pa kukimbilia.

Wahudumu wa afya wana sehemu kubwa katika ukweli huo, kwa kuwa ndio wanaompokea msichana anayevuja damu na mama anayepata matatizo wakati wa kujifungua. Waandike walichokiona kwa usahihi, na waitoe taarifa kwa tathmini bila jina wala alama ya kumtambulisha mgonjwa. Mgonjwa naye ana haki ya kukataa kuhojiwa, na kukataa kwake kusipunguze huduma anayostahili.