Kazi ya Naibu wa Sherifu katika Marekani

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza habari za kazi ambayo vijana wengi wameiona katika senema tu, wakadhani ni kupanda farasi na kufyatua bastola. Twayasema haya hasa kwa ajili ya jamaa wanenao Kiswahili waliohamia Marekani, wengi wao kutoka Kongo, ambao watoto wao sasa wanachagua kazi huko. Kwanza jina lenyewe: mtu asilichanganye na sharifu wetu wa pwani, aliye wa ukoo wa Mtume. Neno sherifu lina asili ya Kiingereza cha kale, na maana yake ni msimamizi wa mfalme katika wilaya. Marekani haina mfalme, lakini jina lilivuka bahari pamoja na walowezi.

Nchi ile ina majimbo 50, na karibu yote yamegawanyika katika wilaya. Texas peke yake ina wilaya 254, na California 58. Katika majimbo mengi kila wilaya ina sherifu wake, naye hateuliwi na mkubwa yeyote. Zamani liwali wa pwani yetu aliwekwa na Sultani. Sherifu huwekwa kwa kura za mkulima na muuza duka, mara nyingi kwa miaka 4. Kwa kuwa hawezi kazi yote peke yake, huajiri manaibu, nao hula kiapo kabla ya kushika kazi. Polisi wa mji hulinda mji wao. Naibu hulinda hasa vijiji na mashamba yaliyo nje ya mipaka ya miji, na aghalabu gereza la wilaya na mahakama zimo mikononi mwake pia.

Anayeomba kazi hii yampasa awe amemaliza shule ya sekondari au awe na cheti cha kulingana na hiyo, awe na leseni ya kuendesha motokaa, na asiwe amepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai. Mahali pengi wataka raia wa nchi, mwenye umri wa miaka 21. Atafanya mtihani wa kuandika, atakimbizwa, atapimwa na daktari na mtaalamu wa akili, na pengine atafungwa mashine ya kupimia uongo. Wachunguzi huwauliza majirani na mabwana wake wa zamani, tena hutazama madeni yake. Kosa dogo la ujanani huenda likasamehewa. Kulificha hakusamehewi, na hapo ndipo wengi waangukapo.

Akikubaliwa huingia chuo cha mafunzo. Katika California sheria yataka mafunzo yasiyopungua saa 664: sheria, huduma ya kwanza, kuendesha motokaa, kulenga shabaha, na kuandika taarifa. Sisi walimu twafurahi kuona insha imo, maana taarifa iliyoandikwa ovyo huharibu kesi iliyo njema.

Kijana huyo sasa ana beji kifuani, naye atazamia motokaa na simu ya upepo. Katika wilaya nyingi kubwa, kama ile ya Los Angeles, hupewa kwanza funguo za gereza, akakaa humo miezi au miaka. Wengi huchukia zamu hizo. Sisi twaona kwamba ndizo zimpimazo mtu kweli. Katika gereza la wilaya wengi ni mahabusu, yaani watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Mlevi wa jana yumo pamoja na mtu anayeshitakiwa kwa kuua. Katika California na Texas naibu au mlinzi hana budi kuwatazama kwa macho yake angalau mara moja kila saa, kisha aandike katika daftari. Saa tisa ya usiku, miguu imechoka, ni rahisi kuandika "nimepita, wote salama" bila kuinuka kitini. Lakini nyuma ya mlango ule huenda yuko mtu anayejinyonga kwa shuka, au mwenye kisukari aliyekwisha kuzimia. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1976 kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni kuvunja Katiba. Basi daftari la uongo laweza kumpotezea mmoja maisha, na mwingine kazi na uhuru wake.

Tena kuna hati za mahakama. Mpangaji akishindwa kulipa kodi na hakimu akiamuru atoke, ni naibu abishaye hodi, na huenda akakuta watoto wanakula. Hana mamlaka ya kuibatilisha amri. Ana mamlaka juu ya ulimi wake tu, jinsi atakavyoisema.

Jambo la mwisho hutajwa mara chache katika matangazo ya kazi. Bwana wa naibu ni mwanasiasa, na kila uchaguzi waweza kumletea bwana mwingine. Katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia, naibu mmoja hakurudishwa kazini baada ya uchaguzi wa mwaka 2009. Yeye alidai kwamba sababu ni kubonyeza alama ya kupendezwa kwenye ukurasa wa Facebook wa mpinzani wa sherifu. Mwaka 2013 mahakama ya rufani iliamua kwamba kubonyeza alama ile ni sawa na kusema, na kwamba kumelindwa na Katiba. Naye akaruhusiwa kuendelea kudai arudishwe. Walakini tangu uchaguzi hata hukumu ile ilipita miaka karibu 4, na mtu wa mshahara hana miaka 4 ya kungoja. Naibu mwenyewe akitaka usherifu hana budi kuomba kura kama wengine, pengine kwa kushindana na bwana wake. Na akishindwa, asubuhi itakayofuata huvaa sare na kwenda kupokea amri zake.