Maziwa ya Moto, Mayai ya Chura na Banda la Kuku: Wanasayansi Wanapojieleza

Na Mwandishi Wetu

Baridi ya Sumbawanga haina masihara. Mwezi wa Juni, jua likishazama, mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kulala madirisha wazi hujikuta akitafuta koti hata akiwa ndani ya nyumba. Ndivyo yalivyonipata nilipokwenda likizo kwa dada yangu anayeishi Milanzi, katika mji huo ulio juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Usiku ule wa kwanza tulikaa jikoni kulizunguka jiko la mkaa, tukila ugali wa ulezi kwa samaki, wala hapakuwa na aliyetaka kuondoka pale.

Dada yangu ni mtaalamu wa maabara. Tangu ujana wake kazi yake ni kupima damu, makohozi na choo, na kuandika majibu ambayo daktari huyategemea. Binti yake yumo kidato cha pili, na mwaka unaofuata atatakiwa kuchagua ama kuendelea na fizikia na kemia, ama kuyaacha masomo hayo yaende zake. Usiku ule alitangaza kwamba atayaacha.

"Mjomba," aliniambia, "sayansi ina watu wake. Wale watu hawakosei."

Nilimtazama dada yangu. Mimi nilikuwa nikijua jambo ambalo mtoto hakulijua: kwamba siku ya kwanza mama yake alipotoboa kidole cha mgonjwa kwa sindano, aliyeanguka chini akazimia alikuwa yeye, na mgonjwa ndiye aliyeita watu waje wamsaidie mpimaji. Nilipolisema, mtoto alicheka hata akapaliwa na ugali. Kisha alinyamaza kidogo, akauliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Umemwona wapi mtaalamu akijitangaza kwamba alizimia?" alijibu mama yake.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maana wapo waliojitangaza, tena mbele ya dunia nzima, na mmoja wao ni Mtanzania mwenzetu.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa pale walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa finyu na wenye maziwa walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila hata kuyachemsha, apate kuwahi nafasi. Naye, akiogopa kuachwa, akaamua kulihatarisha jokofu la shule: akayatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akarudi kutazama. Yake yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalikubali jibu, kama wanafunzi wengi wanavyofanya. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza, naye akamweleza kwamba yeye huitia ikiwa ya moto kusudi igande upesi. Msomaji na asimame hapa kidogo. Jambo ambalo mwalimu alisema haliwezekani, mchuuzi wa Tanga alikuwa akilitumia kupatia riziki.

Mpemba aliendelea na masomo Mkwawa, Iringa, na huko akauliza tena. Mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Neno hilo likawapendeza wenzake. Kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimwambia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Siku moja akaikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika jokofu. Saa moja baadaye chombo cha maji ya moto ndicho kilichokuwa na barafu nyingi zaidi.

Ndipo akaja shuleni mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi waliporuhusiwa kuuliza maswali, Mpemba alisimama na swali lake. Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo lenyewe, na aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, na akaongeza, maskini, kwamba ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate matokeo yaliyo sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo katika jarida la Uingereza la waalimu wa fizikia. Desturi ya majarida ya namna hiyo inajulikana: mwandishi hujificha, akaandika kana kwamba maji yalijipima yenyewe. Mpemba hakuandika hivyo. Alianza kwa kutaja jina lake na kukiri kwamba ugunduzi wake ulitokana na kulitumia jokofu vibaya. Kisha akayasimulia yote niliyoyaeleza hapo juu: haraka yake, maziwa, rafiki wa Tanga, mwalimu, na kicheko cha darasa.

Yapo ya kuona hapo kuliko burudani tu. Tukiyaondoa mambo yake binafsi, linabaki jambo kavu juu ya maji na joto. Tukiyarudisha, tunajua kwamba jambo hilo lilikuwa likijulikana miongoni mwa watengenezaji wa aiskrimu kabla halijaingia darasani. Tunajua pia kwamba kijana mwenye macho mazuri alikuwa karibu kuyatilia shaka macho yake kwa sababu ya kuchekwa. Habari hizo mbili hazipimwi kwa kipimajoto.

Jina la Mpemba sasa limo katika vitabu vya fizikia duniani kote, na ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilialika watu wajaribu kulieleza jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokewa. Mwaka 2016 watafiti wa huko huko Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walionyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo mno zilizo ndani ya maji. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi katika idara ya wanyamapori. Sasa ni marehemu.

Nilipofika hapo katika kusimulia, mpwa wangu aliuliza kama wapo na wanawake. Wapo.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa mtaalamu wa maumbile ya wanyama. Desemba 2004, mjini Oslo, aliposimama mbele ya wafalme na wakubwa kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, alisimulia utoto wake. Alipokuwa akimtekea mama yake maji kijitoni, alicheza chini ya majani ya magimbi, akayaona mayai ya chura yaliyoshikana kama shanga. Alijaribu kuyainua avae shingoni. Kila mara yakakatika. Baadaye aliona viluwiluwi vikiogelea mahali pale pale. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba kijito kile kimekauka, na wanawake wanakwenda mbali kutafuta maji. Mzee aliyewahi kushika mayai ya chura kwa mikono yake anajua kilichopotea. Hata alipokuwa mtafiti, akikusanya kupe kwa ajili ya uchunguzi wa ndigana kali, macho yake yaliuona udongo unaochukuliwa na mito.

Na Jane Goodall, aliyefika Gombe, Kigoma, Julai 1960 kuchunguza sokwe, bila shahada yoyote, tena akiandamana na mama yake kwa kuwa wakubwa hawakukubali msichana akae porini peke yake, alipenda kusimulia habari ya banda la kuku. Akiwa na umri wa miaka minne hivi alijificha bandani kwa saa nyingi apate kuona yai linatokea wapi. Nyumbani walikuwa wamekwisha kuanza kumtafuta. Mama yake alipomwona akija mbio na nyasi kichwani, hakumpiga. Aliketi akasikiliza habari za yai. Hata alipokuwa bibi mzee, Goodall aliendelea kuisimulia habari hiyo, mpaka alipofariki Oktoba 2025.

Uwanda wa Ufipa wenyewe ulikuwa na wataalamu wake. Mtu akitembea vijijini huku ataonyeshwa malungu, yaani tanuri za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma. Ni ndefu kumpita mtu, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Mivukuto ilitumika katika tanuri ndogo ya pili, ya kusafishia chuma. Wataalamu wa mambo ya kale, kama Profesa Bertram Mapunda, wamezichunguza kwa muda mrefu. Wafipa hawakutenga kazi na maisha ya mfanyakazi. Fundi alikuwa na kikapu chake cha dawa, na alitakiwa ajitenge na mkewe siku za kuyeyusha. Chuma kisipopatikana, mwenendo wa mtu uliweza kuulizwa. Basi mambo yake ya ndani yalihusika sana na kazi, ila yalikuwa siri ya wenyewe. Chuma cha viwandani kilipoenea, moto wa malungu ukazimika. Kuta zimesimama. Mpita njia anaweza kuugusa udongo ambao fundi aliukandika, lakini kuta hazimwambii fundi huyo alikuwa nani, wala tanuri yake ya kwanza ilimharibikia namna gani.

Sisemi kila habari ya mtu ina faida. Wapo watakaotuambia chakula wakipendacho na rangi ya gari lao, nasi tusiongeze maarifa hata chembe. Habari ya kuzimia kwa dada yangu ni nyingine, kwa kuwa ilimgharimu kitu kuisema.

Kesho yake mpwa wangu alichukua vikombe viwili vya bati, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji ya baridi, akaenda navyo dukani kwa mama mmoja mwenye jokofu la kuuzia barafu. "Maji ya moto? Utaniulia jokofu langu!" alisema yule mama, nami nikalazimika kutoa shilingi elfu moja za kumtuliza. Asubuhi vyote viwili vilikuwa vimeganda kama mawe, na hapakuwa na wa kusema kipi kilitangulia. Mtoto alikasirika, akaazima saa yangu, akaenda kukaa juu ya kreti mbele ya jokofu, akifunua kila baada ya dakika kumi, huku mwenye duka akilalamika kwamba baridi yote inatoka.

Siku ya kuondoka alinirudishia saa stendi ya mabasi, pamoja na karatasi aliyoichana katika daftari lake. Alikuwa amejaribu mara tatu. Mara mbili maji ya baridi yaliganda kwanza. Mbele ya jaribio la tatu ameandika kwa mwandiko wa kujikaza: Sikuona. Umeme ulikatika, nami nikasinzia.