Chakula, mufuko na neno: utafiti wa aina tatu unaokutana mu depo yetu



Mu mikutano ya mwisho wa mavuno, ulizo moja linarudia kila mara: ile mifuko ya plastiki inayowekwa ndani ya gunia inasaidia kweli, ao ni biashara ya watu wa muji? Tunaelewa sababu ya ulizo hilo. Gunia la kawaida ni bei ndogo. Mufuko ule ni bei kubwa, na mulimaji anaulipa wakati hajauza hata kilo moja.

Jibu halitoki mu sayansi moja tu. Kuko watafiti wanaochunguza chakula. Kuko wengine wanaochunguza vifaa, maana yake plastiki, chuma, nguo na udongo. Kuko tena wengine wanaochunguza maneno, masimulizi na michezo ya kuigiza. Mu vyuo vikuu kila mumoja ana nyumba yake, na mara nyingi hawatembeleani. Lakini ku depo ya koperative wote watatu wanakutana juu ya gunia moja la mihindi. Mu toleo hili tunaeleza kila mumoja anatuletea nini, kisha tunasema cha kufanya mbele ya kufunga depo.

Kwa nini jambo hili linatugusa sisi wa Kasumbalesa

Sisi tunakaa ku mulango. Tangu reli ya kutoka kusini ilipofika Elisabethville mu 1910, unga wa wafanyakazi wa migodi ya Katanga ulikuwa unapita mupaka huu. Leo ni makamyo. Upande ule ukikosa, huku bei inapanda. Mu Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa balaa la taifa zima, na kila nyumba ya huku ilijua maana yake mbele ya kusikia redio.

Mulimaji aliyeuza mihindi yote mu Juni anaanza kununua unga mu Januari, wakati bei iko juu. Aliyeweza kuchunga magunia yake anakula, na anauza ya kubaki. Tena, mihindi ikikosa tunaongeza muhogo mu bukari. Njo maana mu habari hii tutazungumuza mihindi na muhogo pamoja: vyote viwili vinaweza kuwa na sumu isiyoonekana.

Watafiti wa chakula: sumu haina harufu

Mu 1960, kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila watu kujua ni ugonjwa gani. Kisha watafiti waligundua kwamba chakula chao kilikuwa na karanga zilizosagwa, na karanga zile zilikuwa na ukungu. Ukungu ule unatoa sumu tunayoita aflatoksini. Unaishi mu udongo, unapanda ku karanga na ku mihindi, na unapenda joto pamoja na unyevu.

Jambo hili halikubaki kwa ndege. Mu 2004, kule mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waligonjwa na 125 walikufa sababu ya kula mihindi iliyochungwa ikiwa na unyevu. Ilikuwa mihindi ya nyumba zao wenyewe, waliyoilima kwa mikono yao. Mu 2016 watu wa Dodoma na Manyara, kule Tanzania, walipata taabu ileile.

Sumu ikiwa nyingi inaua maini kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, mutu hasikii kitu, lakini kwa miaka inaweza kuleta kansa ya maini. Tukumbuke mambo haya:

Moto wa jiko hauivunji. Bukari iliyoiva vizuri inaweza kuwa na sumu ileile iliyokuwa mu unga.

Pombe haiiondoi. Tunasikia watu wakisema, "hii ya kuvunda tupeleke ku pombe, ao tupatie kuku." Sumu inaweza kubaki mu pombe. Nyama anayekula mihindi ile anagonjwa, na ngombe ao mbuzi anayekula anaitoa mu maziwa ambayo mutoto atakunywa.

Kuchagua kwa mukono kunasaidia sana. Mu gunia moja, sumu haiko mu kila mbegu. Mara nyingi imekusanyika mu mbegu chache: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Mama anayekaa chini na lungo akiondoa zile mbegu anafanya kazi kubwa kuliko dawa. Lakini asizitupe mu kiwanja cha kuku. Azichome ao azizike.

Watafiti wa vifaa: plastiki inafanya kazi gani

Gunia la kawaida linafumwa na nyuzi za plastiki, na katikati ya nyuzi hewa inapita. Ukifunga mihindi ndani, fukusi anapumua vizuri kama yuko inje. Anakula, anazaa, na kila mududu anayepumua anaacha unyevu na joto. Kisha ukungu unakuja nyuma yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mutafiti Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na watafiti wa Kameruni, walitafuta njia ya kuchunga kunde bila dawa. Walichukua mifuko miwili ya plastiki nzito, mumoja ndani ya mungine, na gunia la kawaida inje juu ya kulinda. Hewa haipiti tena. Hewa tunayopumua ina oksijeni sehemu 21 kwa 100. Mu mufuko uliofungwa vizuri, wadudu waliobaki ndani wanaimaliza wenyewe, na kwa siku chache inashuka sana.

Wengi wanazani mududu anakufa kwa kukosa pumuzi kama mutu. Watafiti walipata jambo lingine: anakufa kwa kiu. Mududu wa mihindi hana mahali pa kunywa mu gunia kavu. Maji yake anayatengeneza mu mwili, akitumia chakula na oksijeni. Oksijeni ikikosa, anaacha kula, hapati maji, anakauka. Hata mayai na watoto wake ndani ya mbegu hawaendelei. Njo sababu mufuko huu hauhitaji dawa ya unga ambayo baadaye inaingia mu bukari.

Lakini tuseme wazi: plastiki haikaushi mihindi. Ukifunga mihindi yenye maji, maji yatabaki ndani na itavunda. Tena mufuko hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Na tundu moja, hata la sindano, linarudisha hewa. Kuna mududu mukali anayeitwa dumuzi kule Tanzania, aliyetoka Amerika ya Kati na kufika Tanzania zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ule anaweza kutoboa hata plastiki. Panya vilevile.

Watafiti wa maneno: kwa nini wako hapa

Wamemba wengine watacheka: mutu anayesoma masimulizi anasaidia nini mulimaji? Tuangalie ugonjwa wa konzo.

Konzo ni neno la Wayaka wa Kwango, kule magaribi ya inchi yetu. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Mutu analala muzima, anaamuka miguu haitembei, na haitapona tena. Mara nyingi inashika watoto na wamama ambao bado wanazaa. Daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa huu mu 1938, na alitumia neno la wenyeji. Kisha mu 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kaskazini ya Musumbiji, na kule waliuita mantakassa. Daktari Hans Rosling wa Sweden alikuwa anafanya kazi huko. Majina mawili, inchi mbili, ugonjwa mumoja: muhogo mukali wenye sianidi, ambao haukutolewa sumu vizuri, kwa watu waliokosa samaki, nyama na maharagi. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa jina la Kiyaka miaka 40 mbele. Mutu aliyeandika neno la kijijini na kulichunga alifanya kazi ya maana.

Tena kuko jambo la barabara. Mu Kwango, wamama walijua kuloweka muhogo siku tatu. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, wachuuzi walikuja na makamyo na haraka, na mu vijiji vingine siku tatu zikawa siku moja. Watafiti waliofuata jambo hilo mu miaka ya 1980 waliona konzo inafuata haraka ile. Sisi wa Kasumbalesa, tunaokaa ku barabara kubwa kuliko zote za Katanga, tunapaswa kusikia habari hii na masikio mawili.

Hapa kwetu pia utafiti wa maneno uko. Mu 1965 André Yav aliandika historia ya muji wa Elisabethville mu Kiswahili cha Katanga, kwa macho ya wafanyakazi wa nyumba. Maandishi yale yalichapishwa na mutafiti Johannes Fabian mu 1990, na leo wanafunzi wa inchi nyingi wanayasoma. Fabian huyo, mu 1986, alisikia watu wa Lubumbashi wakisema kwamba uwezo unakuliwa muzima, haugawanywi. Aliuliza kundi la michezo la Mufwankolo maana yake. Wachezaji hawakumujibu kwa neno moja. Walibishana, wakajaribu, wakatengeneza muchezo muzima, na kila mumoja alileta maana yake.

Sisi wa kilimo tunajifunza hapo. Tukisimama mbele ya watu na kusoma "aflatoksini" mu Kifaransa, watu wanapiga makofi na kurudi nyumbani. Lakini tukiuliza, "mu kijiji chenu mihindi ya namna hii munaiitaje, na nani anaikula?", mazungumuzo yanaanza. Mara nyingi jina lenyewe linaonyesha mahali sumu inapita: ku pombe, ku kuku, ku sahani ya mutoto.

Tufanye nini mbele ya kufunga depo

1. Tusianike mihindi ku udongo, maana ukungu unaishi pale. Tutumie hema la plastiki, mukeka ao saruji, na jioni tufunike.

2. Tupime na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mihindi kiasi cha robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikishika ku kioo, mihindi bado ina maji. Isiposhika, iko chini ya sehemu 15 kwa 100. Hata hivyo tuanike siku moja ao mbili zaidi, sababu kwa mufuko uliofungwa tunatafuta 13.

3. Tuchague mbegu mbaya mbele ya kupima kilo.

4. Tuangalie tundu: puliza mufuko, ukandamize, sikiliza. Jaza, toa hewa, sokota mudomo, kunja, funga na kamba. Anza na mufuko wa ndani, kisha wa pili, kisha gunia. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Tusifungue kila wiki juu ya kuangalia.

5. Kwa muhogo mukali: tuloweke siku tatu ao ine, hata kama mununuzi ana haraka. Unga ukiwa na mashaka, kuna njia iliyotolewa na mutafiti Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa Popokabaka, mu Kwango. Tia unga mu bakuli, weka alama ku kimo chake. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda mpaka ku alama. Utandaze mwembamba ku mukeka, saa mbili mu jua ao saa tano mu kivuli. Sumu inatoka na hewa. Pika bukari siku ileile.

Na ulizo la bei?

Tuseme gunia ni kilo 100, na fukusi wanakula kilo 10 mpaka Januari. Zidisha bei ya kilo moja ya Januari mara 10: njo hasara yako. Kisha chukua bei ya mufuko, gawanya kwa misimu miwili, maana usipotoboka unatumika tena. Linganisha. Anayeuza yote mbele ya Agosti hana lazima ya kununua mufuko. Anayetaka kufika Januari, ao anayechunga mbegu na chakula cha watoto, hesabu itamuonyesha faida.

Ku mukutano ujao, kila kikundi kilete chupa kavu, chumvi, na konzi mbili za mihindi kutoka gunia ambalo wanazani limekauka. Tutatikisa pamoja mbele ya wote. Tena mulete majina: namna munavyoita mihindi ya ukungu, na muhogo mukali, mu Kibemba, Kilamba, Kilala ao Kiswahili. Tutayaandika mu toleo linalofuata, ili tunapofundisha, tutumie maneno yenu.